Kifaru cha Mtoto Kikikwama, Usikitupe

KARIBU kila nyumba mjini ina katoni moja ambayo hakuna anayeitaka wala anayethubutu kuitupa. Ukiifungua utakuta gari lisilo na magurudumu, ndege yenye bawa moja, rimoti isiyojulikana ni ya nini, na pengine kifaru kimoja kikubwa cha plastiki ambacho siku kilipoingia nyumbani, watoto wa ploti nzima walikuja kukitazama.

Juma hili, mpenzi msomaji, tuzungumze juu ya kifaru hicho. Nina maana ya kile kichezeo kinachoendeshwa kwa rimoti, kinachotambaa kwa minyororo na kugeuza mzinga wake huku na huku. Nimekichagua kwa sababu wazazi hukikatia tamaa upesi kuliko vichezeo vingine. Kina sehemu nyingi na kelele nyingi, na siku kinaponyamaza mtu hudhani kimekufa kabisa. Lakini aghalabu kilichoharibika ni kitu kimoja kidogo tu, na mtu mwenye bisibisi na subira anaweza kukitengeneza mezani pake.

Aliyenifanya nilishike jambo hili ni mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Mumewe ni bawabu kule Doha, nchini Qatar, na mwaka jana alimtumia mwanawe wa miaka kumi kifaru kupitia kwa rafiki aliyekuwa akirudi likizoni. Haukupita mwezi, kifaru kikamponyoka mtoto na kubingiria ngazi za ghorofa nzima.

Mtoto hakumwambia mtu. Alikifunga katika shuka kuukuu na kukisukuma chini ya kitanda. Kila Jumapili jioni baba alipopiga simu aliuliza, “Jemadari, kifaru chetu kinaendeleaje?” Naye mtoto akajibu, “Ni kizima, baba.” Mambo yakaenda hivyo miezi minne.

Mama alikigundua akifagia. Aliniambia kwamba mkono ulikuwa umekwisha kuufikia mwiko. Kisha akaona kwamba gurudumu moja limefungwa kwa uzi wa cherehani, fundo juu ya fundo, na akaelewa kwamba mtoto alikuwa akijaribu kukitengeneza gizani peke yake. Akaurudisha mwiko jikoni, akaketi, akamwita, “Hebu njoo mwanangu, tukitazame pamoja.”

Tutarudi kwao. Kwanza tukijue kifaru chenyewe.

Kinavyofanya kazi

Kifaru cha kweli kilionekana vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 huko Ufaransa, Waingereza walipokiingiza katika mapigano ya Flers-Courcelette. Kilipokuwa kikiundwa, siri ilifichwa kwa kusemwa kwamba ni tangi la maji, na jina hilo la tangi ndilo lililobaki katika Kiingereza hadi leo. Sisi tukakiita kifaru, na anayetazama ile ngozi nene na mzinga uliochomoza mbele hahitaji kuuliza kwa nini.

Kuongoza kitu kwa redio ni jambo la zamani hata kuliko vifaru. Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio mjini New York mwaka 1898.

Vifaru vingi vikubwa vya kuchezea hutengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 16. Maana yake ni kwamba kifaru cha kweli kimepunguzwa mara kumi na sita. Sherman ya Wamarekani iliyopigana katika Vita Vikuu vya Pili ilikuwa na urefu wa mita 5.8 hivi, na kichezeo chake kina sentimita 36 hivi. Ni kitu cha kujaza mapaja ya mtoto.

Ndani mna mota mbili, na kila mota ina giaboksi yake na mnyororo wake. Hakuna usukani. Mota zote mbili zikienda mbele, kifaru kinakwenda moja kwa moja. Ya kushoto ikisimama na ya kulia ikaendelea, kinakata kushoto. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, kinazunguka mahali pamoja kama pia. Katikati mna bodi ya saketi, ambayo hupokea amri kutoka kwa rimoti na kugawia mota umeme wa betri.

Ukiyashika hayo, basi kifaru chenyewe kitakueleza ugonjwa wake. Kimekufa kabisa pande zote? Anza na betri, swichi na rimoti. Upande mmoja tu ndio umelala? Betri ni nzima, tazama mota au waya wa upande huo. Mota inalia lakini mnyororo hautembei? Umeme unafika, tatizo liko kwenye gia. Gia zinazunguka na mnyororo unaruka? Mnyororo umelegea au gurudumu la meno limelika.

Betri kabla ya bisibisi

Usikifungue kifaru kabla ya kuchunguza betri. Vifaru vya zamani hutumia betri ya nikeli ya volti 7.2, na vingi vya siku hizi hutumia betri ya lithiamu ya volti 7.4. Tofauti hiyo ya volti yaonekana ndogo, lakini betri hizo hazichajiwi kwa chaja moja. Chaja ya nikeli ikitiwa kwenye betri ya lithiamu yaweza kuwasha moto nyumba. Soma maandishi yaliyo juu ya betri, kisha soma yaliyo juu ya chaja. Yasipopatana, usichomeke.

Betri ya lithiamu iliyovimba kama mandazi haitengenezwi. Usiitoboe, usiichaji, wala usiitupe penye jaa la kuchomwa moto. Iweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za vyombo vya umeme. Na hata betri nzima isiachwe ikichajiwa usiku kucha watu wamelala.

Kisha fungua mlango wa rimoti. Hapa ndipo vifaru vingi husingiziwa ugonjwa usio wao. Mawe madogo ya rimoti yakiachwa ndani kwa miezi huvuja, na utaona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma. Yatoe kwa kitambaa, si kwa vidole vitupu. Chovya pamba katika siki au maji ya ndimu, sugua vile vyuma mpaka unga uishe, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha vikauke kabisa. Kutu ikibaki, ikwangue polepole kwa msasa laini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Umoja. Mtoto alidhani ngazi ndizo zilizoua kila kitu. Lakini rimoti haikuwa imeanguka hata mara moja. Ilikuwa imefungwa katika shuka na mawe yake kwa miezi minne, na ni huko ilikovujia. Siku ya ajali kifaru kilikuwa na ugonjwa mmoja. Woga ukakiongezea wa pili.

Kama rimoti ni safi na mawe ni mapya lakini kifaru hakisikii, tazama aina ya redio. Vya zamani vyenye eriali ndefu hutumia megahezi 27, 40 au 49, na vifaru viwili vya mkondo mmoja vikichezwa karibu huvurugana. Eriali iliyokatika ndani hufanya kifaru kisikie kikiwa hatua mbili tu. Vya sasa hutumia gigahezi 2.4, na rimoti na kifaru sharti vitambuane. Mara nyingi huwashwa rimoti kwanza, kisha kifaru, na kusubiri taa iache kumetameta. Wengi wameita kifaru kibovu kwa kugeuza utaratibu huo.

Kukifungua

Toa betri kwanza. Kama kifaru ni cha aina inayorusha vijipira vya plastiki, vimimine vyote nje na usitazame ndani ya mzinga. Vijipira hivyo ni vya milimita 6 na vyaweza kumpofua mtu.

Tandika kitambaa cheupe mezani ili skrubu ikianguka ionekane. Tafuta trei ya mayai. Skrubu za mbele zitie shimo la kwanza, za nyuma la pili, na kadhalika, kwa kuwa hazilingani urefu, na skrubu ndefu ikiingizwa pafupi hutoboa plastiki. Bisibisi iwe ya nyota na itoshee barabara, maana ikiteleza mara mbili kichwa cha skrubu huwa duara na hapo kazi imekwama.

Mwili wa juu ukiachana na wa chini, usivute! Nyaya za mzinga, taa na spika hupita katikati. Ziinue pole pole, piga picha kwa simu au chora kwenye daftari ni waya wa rangi gani unaokwenda wapi. Mpe mtoto kazi ya kuchora. Atakuwa na haki ya kusema kwamba naye ni fundi, nawe utakuwa na ramani ya kurudia.

Sasa tazama kwa macho kabla ya kugusa. Waya uliotoka utauona. Plastiki iliyovunjika utaiona. Na kwenye ekseli za magurudumu utaona jambo la kushangaza: nywele za kusuka, nyuzi za zulia na vumbi, vyote vimejisokota mpaka gurudumu haligeuki. Vikate kwa wembe na kuvitoa kwa kibano. Kuna vifaru ambavyo havikuhitaji zaidi ya hapo.

Mota na gia

Upande mmoja ukiwa umelala, fanya jaribio hili ambalo halihitaji mita ya fundi. Nyaya za mota huingia kwenye bodi kwa plagi ndogo. Zibadilishane: ya kushoto itie kulia, ya kulia itie kushoto. Rudisha betri na ujaribu. Mota iliyokuwa imelala ikiamka na ile nyingine ikalala, mota zote ni nzima, kasoro iko kwenye bodi. Mota ileile ikiendelea kulala, basi kasoro ni yake au ya waya wake.

Kabla ya kununua mota nyingine, vuta kidogo waya pale unaposhikana na mota. Kifaru kikianguka, hapo ndipo waya hukatika mara nyingi, wakati mwingine ndani ya mpira wake, hivi kwamba kwa nje waonekana mzima. Waya uliokatika hulehemiwa kwa risasi. Kama hujawahi kulehemu, usijifunzie kwenye bodi ya saketi. Kumpelekea fundi wa redio waya mmoja si aibu. Ukiwa na chuma cha kulehemu, pasha waya na chuma cha mota kwanza, kisha ugusishe risasi iyeyuke yenyewe. Fungua madirisha, watoto wakae mbali na moshi, na kila mtu anawe mikono baadaye. Ukiona vidude vidogo vyenye miguu miwili vilivyoshikizwa kwenye mota, usivikate. Hizo ni kapasita, na kazi yake ni kuzuia kelele za mota zisivuruge redio.

Mota ikilia bila mnyororo kutembea, fungua giaboksi. Zungusha gia kwa kidole ukitafuta jino lililokatika. Chunguza zaidi ile gia ndogo iliyo kwenye ncha ya mota, kwa maana ikipasuka huteleza juu ya chuma ilhali meno yake yote yaonekana mazima. Gia haigundiki. Ibadilishe. Ibebe ya zamani mfukoni uende nayo Luthuli Avenue au kwa mafundi wa vichezeo, ulinganishe idadi ya meno na tundu la katikati. Meno yakizidi kwa moja tu haitakaa. Au utafute kifaru kibovu cha aina hiyo kwa wauza mitumba, ukichinje upate vipuri.

Ukimaliza tia grisi nyepesi, kiasi cha punje ya mchele. Usitie mafuta ya kupikia, ambayo huganda na kukusanya vumbi.

Minyororo na magurudumu

Mnyororo wa kifaru ni pingili nyingi zilizounganishwa kwa pini. Pini ikichomoka, mnyororo hufunguka na kifaru hulala ubavu mmoja. Irudishe kwa kuisukuma kwa koleo, na kama imepotea kata kipande cha waya mgumu wa unene uleule.

Usikaze mno. Mnyororo ukikazwa kama kamba ya kuanikia nguo, mota hupata moto na gia huvunjika. Ukilegea mno nao huruka meno kila kifaru kinapogeuka. Kipimo ni hiki: uuinue kwa kidole katikati ya upande wa juu, nao uinuke kidogo na kurudi. Kama umelegea kwa uzee, toa pingili moja.

Kwa kifaru cha Umoja kilichovunjika ni kile kimkono cha plastiki kinachoshika gurudumu. Gundi peke yake haiwezi hapo, kwa kuwa uzito wote wa kifaru hukaa juu ya mkono huo. Mama alipasha sindano moto akatoboa tundu dogo katika kila upande wa pale palipovunjika, akaingiza kipande cha waya wa klipu ya karatasi kama mfupa wa ndani, kisha akaunganisha kwa gundi ya Araldite, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Mtoto ndiye aliyeshikilia. Wakaiacha mpaka kesho yake bila kuigusa, na huo, alisema mama, ndio ulikuwa usiku mrefu kuliko zote kwa mwanawe.

Kumbuka kwamba si kila plastiki hukubali gundi. Ile laini yenye utelezi kama mshumaa, inayotumiwa katika gia na baadhi ya minyororo, huachia tu. Hiyo ibanwe kwa waya au ibadilishwe.

Kuhusu mzinga, kichwa cha kifaru kisigeuzwe kwa mkono. Mtoto hufanya hivyo bila kujua, na gia ndogo iliyo chini huvunjika au nyaya hujinyonga mpaka zikatike. Hilo mfundishe mapema.

Kabla ya kurudisha skrubu

Weka kifaru juu ya mkebe ili minyororo ining'inie hewani. Washa. Endesha mbele, nyuma, kushoto, kulia, kila upande kwa nusu dakika. Nusa. Gusa mota: joto kidogo ni sawa, moto wa kukutoa mkono si sawa. Ukisikia harufu ya kuungua, toa betri mara moja. Yakiwa shwari, rudisha skrubu bila kuzikaza kwa nguvu zote, kisha kijaribu sakafuni.

Bodi ya saketi ikiwa ndiyo mbovu, usianze kubahatisha. Mwulize fundi bei kabla hajafungua, na umlinganishie na bei ya bodi mpya. Wakati mwingine kununua ni nafuu. Kukubali hivyo si kushindwa, maana umeshajua ni kipi cha kununua badala ya kutupa vyote.

Wala usidhani hizi ni kazi za kitoto. Kule Bovington, Uingereza, kuna kifaru cha kweli cha Kijerumani aina ya Tiger, nambari 131, kilichotekwa hapa Afrika, nchini Tunisia, mwaka 1943. Watu wazima wamekitengeneza kwa miaka mingi mpaka kikatembea tena, na umati hukusanyika kukitazama. Nao walianza kwa kufungua skrubu moja.

Jumapili iliyofuata simu ya Doha ilipolia, mama hakuishika. Alimpa mtoto. “Baba,” mtoto alisema, “kifaru kilianguka. Kilianguka zamani. Nilikuwa nakudanganya.” Baba akanyamaza kitambo. Kisha akauliza ni mkono upi uliovunjika, wa mbele au wa nyuma, na waliutengeneza vipi. Mtoto akamweleza habari ya sindano, ya waya na ya siki, na muda wa simu ukawaishia kabla hajafika kwenye mnyororo.

Mzazi, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na sisemi watoto wasikanywe. Lakini mtoto anayeogopa mwiko kuliko anavyotumaini msaada atakificha kifaru leo, na kesho ataficha karatasi ya mtihani au jeraha. Mwambie mapema kwamba katika nyumba hii kitu kikivunjika huletwa mezani.

Basi leo mchana, baada ya chakula, ivuteni ile katoni. Anzeni na rimoti, mkitazama mawe yake. Hadi juma lijalo, kwaherini.